Tumwombee Flavian Yupi

Kizwite, Sumbawanga
Tarehe 22 Juni

Mwanangu Flavian,

Shika salamu za mama yako kabla ya yote. Hujambo, baba? Kifua kinaendeleaje? Nimeambiwa huko mahabusu Dar mnalala wengi na joto halipungui. Nikasema afadhali joto kuliko baridi ya huku, maana upepo wa mwezi huu unaingia mpaka kwenye mifupa, lakini najua nasema tu. Je, unakula? Rozari niliyokutumia ilifika, au waliizuia mlangoni? Mimi ni mzima, ila miguu inasumbua asubuhi. Ulezi tumevuna, mchache, mvua iliwahi kukatika.

Utaona mwandiko ni mbovu. Ile barua ya Pasaka aliniandikia Silvana, mwenzangu wa jumuiya, mimi nikisema naye akiandika. Hii naandika mwenyewe na darasa langu la nne, leo siku ya tatu, kwa sababu ina neno ambalo sikutaka lipite mkononi mwa mtu mwingine.

Huku watu bado wanaijadili ile bastola ya ndani ya ndege kana kwamba imewekwa mezani mbele yao. Juzi tulikuwa tunapura ulezi kwa Wilibrodi, mwenyekiti wetu wa jumuiya, na mzee Ndalahwa, yule jirani Msukuma mwenye ng'ombe, alikuja na wanawe kusaidia. Wilibrodi akasema ndege ni lazima iwe na mtu mwenye silaha, kwa sababu ikishapaa hakuna wa kumwita, huwezi kumwambia dereva simama hapa nishuke. Mwenye nia mbaya akijua humo kuna bunduki ataogopa. Mzee Ndalahwa akamuuliza atajuaje, na mlinzi mwenyewe kavaa shati kama abiria? Ikiwa ni siri, alisema, haimtishi mtu. Na ikishajulikana, wa kwanza kuirukia ni huyo huyo mbaya. Akasema yeye kalala porini na mifugo miaka mingi, na hajawahi kuingia zizini na mkuki, maana ng'ombe wakishtuka utachoma wako mwenyewe. Wilibrodi akamwambia binadamu si ng'ombe. Ndalahwa akakubali, akasema ni kweli, ng'ombe hawapandi angani wakafungiwa mlango. Watu wakacheka, halafu wakakumbuka kwamba nipo. Mimi nikaendelea kupepeta.

Habari za siku ile nilizipata kwa Yonas. Unamjua Yonas, mdogo wake Silvana, yule mnunuzi wa mahindi. Alikuja mwezi wa pili, akakaa kwenye kigoda, akalia kama mtoto. Mambo yale unayajua wewe kuliko mimi, lakini nayaandika nilivyoelezwa, ili ujue huku tumepewa nini. Alisema mlikuwa ndege moja mnatoka Dar kuja Songwe. Kijana mmoja alikuwa amelewa, anamsukuma yule dada anayehudumia abiria, anataka kiti kisicho chake. Wanaume wawili walishaanza kumkamata, na kwa maneno ya Yonas wangemfunga hata kwa mikanda ya suruali. Wewe ulikaa kimya unatazama, kama ulivyofundishwa. Yonas akadhani unaogopa. Akasimama, akakunyooshea kidole, akasema kwa sauti Flavian, si ndiyo kazi yako hiyo, toa bastola umnyamazishe! Anasema alitaka kusaidia. Neno bastola lilipotoka, watu wakapiga mayowe, wengine wakaparamia viti, na yule mlevi akakurukia kiunoni. Risasi ikatoka moja. Ikampata abiria mmoja, mwalimu Edith, aliyekuwa ametulia kwenye kiti chake, amefunga mkanda kama alivyoambiwa. Siku ya tisa akafariki.

Mimi sijawahi kupanda ndege, lakini nimefikiri sana. Mlevi yule hakuwa hata na kisu. Bila ile bastola wangeshuka Songwe wote, na mlevi na aibu yake. Na ulikuwa umewekwa humo ili watu wafike salama, hilo ndilo linalonishinda.

Sasa nakuja kwenye habari za mkeo. Siku ile walipokupa simu dakika chache kutoka kituoni, ulisema waliojua kazi yako huku nyumbani ni wawili tu, mimi na mkeo, mama Benjamini. Wakubwa wako walikukataza usimwambie hata aliyekuzaa. Ulituambia mwaka jana ulipokuja likizo kwa sababu nililia, nikidhani umeingia kwenye ujambazi, maana hukutaka kutaja unafanya kazi gani. Basi kwenye simu ukaniuliza kama nimemwambia mtu. Nikasema hapana. Nikaapa kwa kaburi la baba yako. Ukasema basi ni Faith, maana Yonas hunywa chai kwenye kibanda cha mkeo pale sokoni, na kibandani maneno hayakosi. Ukanituma nimwambie arudi kwao Chala. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaufikisha ujumbe kama ulivyo. Alikuwa anachambua maharage, na maneno ya simu aliyasikia yote. Aliniangalia. Akamaliza sinia zima, akalifunika, ndipo akaingia ndani kufunga nguo za mtoto.

Flavian, aliyesema ni mimi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wakati wa Majilio, Krismasi inakaribia, jumuiya inasali kwa Silvana. Unajua desturi yetu, kila mtu hutaja nia yake kwa sauti. Zamu yangu ilipofika nikasema tumwombee Flavian. Silvana kwa utani wake akauliza Flavian yupi, mama, yule aliyeanguka na bodaboda kalewa? Maana tunao watatu: huyo, yule wa Oswaldi aliyeko seminari, na wewe. Watu wakacheka. Ningesema wangu, ingetosha, Mungu anawajua wote. Lakini iliniuma kufananishwa kwako na mlevi, na yule wa seminari anaombewa kila wiki kwa jina na kwa sifa, mama yake ameinua shingo. Nikasema Flavian wangu, askari mwenye bastola ndani ya ndege za abiria, anayewalinda watu bila wao kujua. Kicheko kikakatika. Yonas alikuwa karibu na mlango, amekuja kumtembelea dada yake, akageuka kunitazama. Wote walinitazama. Baba, nilijisikia mkubwa. Hilo ndilo ninaloliungama, si mdomo peke yake. Wakaitikia Ee Bwana utusikie, na mimi nikaitikia nao.

Baada ya balaa lile wanajumuiya walikubaliana kunistiri. Silvana alimwomba Yonas asinitaje, naye akawaambia wapelelezi kasikia kwa watu wa kwenu nyumbani, basi. Wanajumuiya walijua fika kwamba nyumbani tulikuwa wawili. Wakamwona mama Benjamini anapita na mzigo kichwani, amemshika mtoto mkono, wakamwambia safari njema. Na mimi nilikuwepo nikasema vivyo hivyo.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilikwenda polisi hapa mjini. Nilidhani nikisema ukweli utakufungulia mlango hata kidogo, waone kosa si lako, ulisalitiwa na mama yako. Afisa alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa upole, mama, kesi hii haimtafuti aliyesema, inamtafuta aliyekuwa na bastola. Hakuandika kitu. Nikamwomba aandike, akaniuliza nimekuja na nani wa kunirudisha nyumbani.

Alhamisi nikaenda Chala. Mama Benjamini nilimkuta uani kwa wazazi wake, nikapiga magoti palepale, watu wanaona. Hakunipigia kelele. Aliniinua, akasema alijua tangu siku ya ile simu, maana nilikimbilia kuapa kwa kaburi la baba yako kabla hujamaliza kuuliza. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza, akaondoka na aibu isiyo yake. Akasema mtu wa mahabusu akikosa mke bado ana mama, lakini akikosa na mama, nani atamtumia hata rozari? Nikamsihi arudi nyumbani. Akasema nyumba ile ni ya mtu aliyemhukumu bila kumuuliza, hawezi kurudi, hata ukitoka kesho. Benjamini mzima, meno ya mbele yameng'oka yote mawili, ananiita bibi wa Kizwite kama vile ana bibi wengine wengi.

Nilipoaga, alinisindikiza mpaka barabarani, akanikataza nisikuandikie habari hii. Alisema haitakutoa, itakuumiza tu. Najua anasema kweli. Lakini siwezi kupokea salamu zako zinazoanza na mama yangu mwaminifu, kama zile ulizonijibu Pasaka, wakati yule mwaminifu yuko Chala. Yeye alikuachia mama. Sasa nami nimekuondolea huyo. Sijui nimekubakishia nani.

Usihangaike kujibu kama moyo haupo. Ukijibu, mwandikie yeye kwanza.

Mzee Ndalahwa anakusalimu, anasema ng'ombe uliyempenda, yule mwenye baka kichwani, amezaa. Silvana anakusalimu pia, nimemwambia sitaki aandike salamu zake mwenyewe. Na wewe askari utakayeifungua barua hii kabla yake, hujambo? Wewe ni mtoto wa mtu. Tafadhali usimpe akiwa hajala.

Jumuiya bado tunasali kila Jumamosi. Zamu yangu ikifika nasema tumwombee Flavian. Siku hizi hakuna anayeuliza yupi.

Ni mimi, niliyekuzaa,
Evodia