Byron Amemwangalia Mamake

Lynn, wacha chochote unafanya usome hii. Ni mambo ya Naliaka. Ako sawa, lakini leo huko kwake Makongeni, wueh.

Unajua vile Byron wake, juu ya ile autism, haangaliagi mtu usoni, hata yeye mamake. Wamekuwa wakienda kwa Mwalimu Idah huko Ruiru, wanakaa mbele ya kioo wakitengeneza nyuso. Furaha. Hasira. Huzuni. Uoga. Naliaka alikuwa ashaanza kuona ni kazi bure.

Leo mama mkwe wake akakuja na wamama wa kanisa. Chai ikiwa mezani akasema, "Huyu mtoto hana shida. Ni mamake hajui kulea."

Naliaka akatabasamu. Akamwongezea chai.

Byron akatoka chini ya meza, akamshika mamake kidevu, akamwangalia. Lynn, AKAMWANGALIA.

"Mama huzuni."

"Hapana, baba. Mama ako na furaha."

"Hapana. Huzuni."

Mbele ya wamama wote! Kisha akamgeukia nyanyake. "Kukhu hasira."

Hakuna mtu alimeza chai.

Mama mkwe akaweka kikombe chini. Akamwambia Naliaka polepole, "Muulize sasa niko aje."

Byron akamkagua kama fundi anakagua simu. "Uoga."

"Ni kweli," mama mkwe akasema. Hivyo tu. Ni kweli.

Byron akapanda kwa mapaja ya mamake, akalala. Hajawahi. Naliaka amekataa kabisa kusimama.

Saa hii vyombo vinaoshwa na mama mkwe.