Ng'ombe Mia Mbili wa Mdomoni

Mshauri mpendwa, kaa kitini kwanza. Jana saa nne asubuhi Trudy wa ofisi ya kilimo alipiga simu akasema fidia ya serikali ya ng'ombe tuliowapoteza kwenye ule moto wa Machi imepitishwa, yote, mke wangu Jonelle akaninyang'anya simu akamwambia, "Trudy, mdogo wangu, hebu rudia!" akarudia, Jonelle akapiga kelele mpaka mbwa wakatimka, nami nikacheka naye huku nikiogopa, kwa sababu fidia iliyopitishwa ni ya ng'ombe mia moja na kumi na saba, na waliokufa ni thelathini na saba.

Sikupanga kuiba. Huku kwetu kaskazini mwa Texas kumuuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi ni sawa na kumpekua mfukoni, hakuna anayeuliza, basi miaka tisa nimejitangaza mwenyewe mgahawani kwamba nina mia mbili, nami nilikuwa na mia na ishirini, na kila nikiingia jirani yangu Royce husema, "Mpisheni Bwana Mia Mbili, kofia yake haipiti mlangoni!" Moto ukala ghala na daftari zangu, ofisi ikataka jirani aape kwa maandishi nilikuwa na wangapi, na Royce, ambaye uzio wake mwenyewe uliungua maili nne, akaacha kazi zake akaja akaandika mia mbili bila kusita, akasema, "Wakati wa ukame uliniuzia nyasi kwa bei ya ndugu. Hili ni dogo, bwana." Namba niliiona. Nikasaini chini yake. Ofisa akahesabu walio hai, themanini na tatu, wengine wote akawaandika wafu. Sasa Jonelle ameshachagua uzio mpya na fahali wawili, anaimba kutwa, na mimi nina furaha, nisikufiche, hatuhami tena! Nikinyamaza, nani atajua? Nikisema, nitaingiaje mgahawani?

— Bwana Mia Mbili

Bwana Mia na Ishirini,

Hongera. Thelathini na saba walikufa kweli, na fidia yao ni haki yako. Mwache Jonelle aimbe, ila asilipie fahali bado.

Unauliza nani atajua. Mnadani wanajua umeuza ndama wangapi kila mwaka. Daktari wa mifugo anajua amechanja wangapi. Nimeripoti gazetini moto na mafuriko ya huku kwa miaka ishirini na sita, na sijamwona mkaguzi hata mmoja akiuliza habari mgahawani. Wao huenda moja kwa moja kwenye risiti.

Hilo dogo. Barua yako yote inalilia kofia yako, na kiapo kile kina jina la Royce. Wewe ulijua namba ni ya uongo. Yeye aliiamini kwa sababu ni wewe uliyeisema. Mkaguzi atabisha hodi kwake kwanza, na mtu ambaye uzio wake bado uko chini atatakiwa aeleze uongo asioujua. Hiyo ndiyo shukrani yako? Nawe umekaa unahesabu watakaokucheka! Watakucheka, tena mpaka Krismasi. Kicheko hakijamfukuza mtu shambani.

Mwambie Jonelle leo. Kisha nenda kwa Royce, vua kofia, na kabla hajakukaribisha kahawa taja namba ya kweli. Atakutukana. Msikilize mpaka amalize, halafu mwombe mwende pamoja mkabadilishe kiapo. Chukua mnadani nakala za mauzo yako ya miaka mitatu. Zitathibitisha wale thelathini na saba bila kumhitaji mtu aape tena.

Majina nimeyabadilisha yote, na lile la utani, maana Royce naye hunisoma. Asikie kwako. Jibu hili nimekutumia kwa posta wiki moja kabla ya kulichapa.

Nimeuliza ofisini bila kukutaja: fomu iliyopitishwa husahihishwa mradi hundi haijatoka. Hundi zinatoka Ijumaa tarehe 14. Ofisi inafunguliwa Alhamisi saa mbili asubuhi.