Nilisema Mtupaji Hajachoka, na Nilijua Amechoka

Mpendwa Bi Shamira,

Naomba unisaidie kufikiri, kwani mwenyewe nimeshindwa, kila nikishika upande mmoja wa jambo hili upande wa pili unaniponyoka, na sina wa kumwambia kwa sababu watu ninaowapenda wote wamo ndani yake. Majina nimeyabadilisha. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tano, nimezaliwa hapa hapa Dubai, wazee wangu ni wa Unguja, nafanya kazi ya ukarani katika skuli moja, naishi Jumeirah Village Circle na mume wangu, nitamwita Aiman, pamoja na mama yangu mzazi, Bi Ashwaq. Aiman ni fundi wa mitandao ya kompyuta huko Silicon Oasis. Tumeoana miaka tisa. Mwaka juzi mimba yetu iliharibika ikiwa ya miezi sita, na tangu hapo nyumba ikawa kimya, hatugombani, lakini hata chumvi tukipeana mezani hatutazamani.

Mwezi wa nne mwaka huu nikaona mume wangu akishasali alfajiri harudi kulala, anachukua ufunguo wa gari anashuka kwenye maegesho chini ya jengo, anakaa huko mpaka saa moja na nusu, kisha anapanda kuoga na kwenda kazini, na nikimuuliza anasema alikuwa akipasha gari moto, gari gani la kupashwa moto na joto hili la Dubai? Nikajua ni mwanamke. Siku moja nikamfuata, buibui juu ya nguo za kulalia, na maneno ya kumwambia huyo mwanamke nimeshayapanga, nikamkuta yuko peke yake, simu ameiegemeza kwenye usukani, anatazama mwanamume wa kofia akimtupia mpira mwenzake mwenye gongo. Akashtuka kama kafumaniwa. Akanieleza kuwa ni besiboli, michezo ya Marekani, kwamba jioni yao kule ndiyo asubuhi yetu, na kwamba wenzake wa kazini ndio waliomfundisha, naye hakutaka kuniamsha. Bi Shamira, nilicheka mpaka nikalia, nikafungua mlango nikaingia nikakaa.

Toka siku hiyo nikawa nashuka naye, nabeba chupa ya chai na mandazi, na yeye ananielekeza, huyu anatupa, yule anapiga, akikosa mara tatu anatoka. Sikujali sana hesabu zao lakini nilimpenda mtupaji mmoja wa timu tuliyokuwa tukiifuata, mtu wa mashoto, mwembamba, na baada ya wiki chache nikagundua kitu, kwamba akianza kuchoka hugusa kofia yake mara mbili kabla ya kutupa, na hapo lazima atapigwa. Nikawa nasema, huyu keshachoka, na kweli mpira unaofuata unapigwa unakwenda zake kwa watazamaji. Aiman alikuwa akinitazama kwa namna ambayo sikuiona tangu tuoane, halafu anagusa simu kidogo, nami nilidhani anajibu ujumbe wa kazini. Tukaanza kuzungumza humo garini, habari za marehemu baba yake, habari za walimu wa skulini kwangu, mambo ya kipuuzi tu. Mume wangu alirudi, Bi Shamira. Sina namna nyengine ya kulisema hilo.

Mwezi wa nane akampeleka mama Umra. Mama ana miaka mingi anaitamani safari hiyo, na Aiman akasema kapewa zawadi ya kazi. Mama aliporudi hana sala anayoimaliza bila ya kumtaja mkwe wake, na kila jirani anayekuja ananyweshwa zamzam na kusimuliwa habari za Aiman.

Sasa mwezi wa tisa tulikutana dukani na rafiki yake wa kazini, Mkenya, nitamwita Herbert, yuko na mkewe Everlyn, watu wazuri wa kanisa, na Herbert akanishika mkono kwa mikono miwili akasema, "Shemeji, hizo macho zako si za kawaida. Zimetulisha." Nikacheka kwa adabu, sikufahamu. Tulipofika garini nikamuuliza Aiman, naye akaniambia tukiwa tumesimama kwenye taa ya barabarani, ikageuka kijani na watu wa nyuma wakapiga honi. Alikuwa akicheza kamari. Kila niliposema mtupaji keshachoka, alikuwa akiweka pesa kwenye simu, mchezo ukiendelea, na Herbert naye akiweka. Zawadi ya kazi haikuwepo. Mama yangu alikwenda Makka kwa pesa ya kamari, na pesa hiyo ilitoka kinywani mwangu.

Nikamwambia, kumbe mimi nilikuwa mganga wako wa ramli. Akasema, "Mimi sikuwa nikicheza kamari, Hilwa. Nilikuwa nikikuamini wewe." Hata leo sijui kama hilo ni jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuniambia au ni baya kuliko yote. Akaapa kuwa ameacha. Tukaendelea kushuka asubuhi, lakini sasa nilikuwa natazama kidole chake, sitazami mchezo.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja akaniuliza, kwa sauti nyepesi mno, "Leo unamuonaje?" Yule wa mashoto alikuwa anatupa, na nilimuona wazi, kagusa kofia mara mbili. Nikasema bado ana nguvu, leo atamaliza. Nilisema hivyo makusudi, nilitaka nimjaribu, nione kama atagusa simu. Hakuigusa. Akatoka nayo kwenda kununua maji, akarudi. Yule mtu akapigwa mfululizo mpaka akatolewa uwanjani, na Aiman akainamisha uso akawa anatazama viatu vyake.

Jioni ile Everlyn akanipigia simu analia. Herbert ameziweka kwenye mchezo ule pesa zote za tikiti, zimeliwa, walikuwa waende kwao Vihiga mwezi wa kumi na mbili, mtoto wao anakaa na bibi yake na hawajamuona kwa miaka mitatu. Nikalia na mimi. Yeye ndiye aliyeanza kunituliza mimi, akasema, "Dada, mimi sikulaumu. Wewe ulisema tu vile uliona."

Aiman anasema yeye hakuweka hata dirham moja, Herbert alimpigia simu alipokwenda kununua maji, akamuuliza, na yeye akamjibu nilivyosema, basi. Nikimuamini, basi nimeiharibu nyumba ya watu kwa kumtegea mtu mkweli. Nisipomuamini, nimetegewa mimi. Naye hajui kuwa nilisema uongo, anadhani nimekosea tu. Hatushuki tena. Mama anauliza kwa nini, kisha anamuombea dua, nami siwezi kuitikia amin. Na la aibu kuliko yote, juzi nilishuka peke yangu nikamtazama yule wa mashoto mpaka mwisho. Je, nimwambie mama? Je, Umra yake ipo? Je, asubuhi zile mume wangu alikuwa ananipenda, au alikuwa anasubiri niseme nani kachoka? Mimi ni nani katika mambo haya?

Hilwa, Jumeirah Village Circle


Mdogo wangu Hilwa,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikakasirika, mara ya tatu nikachukua kalamu. Pole kwanza. Kufichwa jambo na mtu uliyekuwa umeanza kumrudia moyoni kunauma kuliko kufichwa na mtu mliyezoeana kununiana. Hasira yako ni halali. Ulichokifanya nayo ndicho kisichokuwa halali.

Unauliza kama asubuhi zile alikupenda au alikutumia. Kwa nini lazima iwe kimoja? Mtu anaweza kukaa na mkewe kwa furaha ya kweli na wakati huo huo akamfanyia jambo la aibu. Wanaume wengi wanaweza, na wanawake pia. Lakini tazama ulivyoandika. Habari za mtupaji mpira, mwembamba, wa mashoto, kofia yake, nimezipata zote. Habari za mimba ya miezi sita umenipa nusu ya sentensi. Miezi sita mtu ameshachagua jina. Mlikuwa na jina? Mmewahi kulitaja tangu siku ile? Nyinyi wawili mlipata kitu cha kutazama pamoja ili msitazamane, na kwa muda kikawasaidia, silaumu. Sasa kimekwisha. Kaeni mzungumze habari za mtoto wenu bila ya simu mbele yenu. Mtalia. Lieni.

Kuhusu Umra, mimi si shekhe, na usikubali fatwa ya mtu anayeandika magazetini. Aiman ndiye aliyeitoa pesa, basi Aiman ndiye aende kwa mwanachuoni, kwa miguu yake, aulize na atekeleze atakayoambiwa. Usimtangulie. Na usikimbilie kwa mama yako kumtwisha mzigo wako kichwani. Bi Ashwaq alikwenda kwa nia safi na hakujua lolote, na wewe unataka kumwambia ili ulale usingizi, si ili yeye afaidike. Subirini shekhe aseme. Mpaka hapo, akimuombea dua mkwe wake, itikia amin kwa sauti. Kwani lini mtu huyo amehitaji dua kuliko sasa?

Kama aliweka pesa siku ile au hakuweka, hutajua kwa mitego. Mtego hauulizi mtu swali, unamhukumu tu. Mwambie wazi kuwa ulisema uongo kumjaribu. Kisha akae ubavuni mwako afungue simu, uone yote ya nyuma, na aifunge akaunti ya kamari ukiwa unatazama. Akikataa, umepata jibu lako. Akikubali, nyamaza, usianze kumchimba kila jioni. Na mkumbushane kuwa katika nchi hii kamari isiyo na kibali ni kosa la sheria. Umezaliwa Dubai, sawa, lakini iqama ni iqama, kibali cha kukaa kinafutwa, na mama mtu mzima yumo humo humo kwenye karatasi zenu.

Mchezo wenyewe ukiupenda utazame. Hujavunja kitu kwa kupenda mpira. Ila jicho lako lisiwe tena la kukodishwa, na Herbert akikuuliza, hata kwa mzaha, mwambie khalas, imekwisha.

Sasa Everlyn. Umeniuliza juu ya mama, juu ya Umra, juu ya mume, juu ya nafsi yako, na hukuniuliza hata neno moja juu ya mwanamke pekee aliyeumizwa bila ya kufanya kosa lolote. Herbert alicheza kwa mkono wake, na hilo ni lake na mkewe. Lakini Everlyn anakutuliza kwa jambo ambalo hukulifanya, maana anaamini ulisema ulichokiona, na wewe umemuacha aendelee kuamini. Huo si mkanganyiko wa mawazo, mdogo wangu. Huo ni uongo wa pili, na huu unausema kila siku kwa kunyamaza.

Nenda kwake. Mwambie: niliona amechoka, nikasema hajachoka, nilikuwa namtega mume wangu. Usitie "lakini" mwisho wa maneno hayo. Akikufukuza, ondoka kwa adabu. Akinyamaza, kaa. Kisha toa unachoweza katika mshahara wako wa skuli, na Aiman atoe katika wake wa halali, mchangie tikiti hata ya mtu mmoja, na mseme wazi kuwa hamnunui msamaha.

Na mpigie Everlyn simu leo, umwambie unakwenda kwake, kabla hujamuonesha Aiman ukurasa huu. Ukianza kwa Aiman mtaanza kushauriana, mtapanga siku, mtatafuta maneno mazuri, na mwezi wa kumi na mbili utafika na mtoto wa watu bado anawaona wazazi wake kwenye simu.