Baba Verlin, na Ile Chupa Uliyomwahidi Mama

Jumamosi hii mwaka unatimia tangu utuache, Baba, na ni haki uambiwe mapema: Mama bado amekukasirikia.

Si hasira ya kurusha vyombo. Ni ile yake ya kufunga mlango wa kabati taratibu mno, unayoijua wewe kuliko sisi. Majirani wanapomwuliza anaendeleaje, anajibu, "Namngoja Verlin, kama kawaida," kisha anaingia ndani.

Hata kifo, Baba, kilikukuta kwenye foleni. Ulianguka Alhamisi, siku mbili kabla ya kiwanda cha wiski kutoa chupa zake chache za vuli, na kiti chako cha kijani cha kukunja kilikuwa kimeshatangulia kushika nafasi, cha sita kutoka mlangoni. Wendell Ballard, mwenzako wa foleni kwa miaka ishirini, hakukiondoa. Kila watu waliposogea, walikisogeza na chenyewe, kikiwa kitupu, hadi asubuhi ya Jumamosi. Mwanao Royce akatoka kanisani ulikokuwa umelazwa, akiwa na suti nyeusi, akakikalia hatua chache za mwisho na kuinunua ile chupa moja ya mtu mmoja. Alipofika nayo nyumbani Mama aliitazama, akasema, "Afadhali. Angefufuka kuja kuifuata."

Tunakukumbuka kwa kazi yako. Miaka thelathini na moja ulisukuma mapipa katika maghala ya kiwanda kile cha mlimani, kiangazi paa la bati likichoma, kipupwe vidole vikifa ganzi. Uliporudi jioni ulinuka mwaloni na wiski, ingawa hukuwa umeonja tone. Tulipokuwa wadogo tulidhani baba wote wananuka hivyo.

Tunakukumbuka kwa mkono wako mwepesi wa kusaidia. Paa la mjane Mattingly ulilitengeneza mara tatu, na mara zote tatu ulimwambia ulikuwa unapita tu. Paa letu lilivuja miaka minne.

Na tunakukumbuka, tufanyeje, kwa chupa zako.

Kila mwaka majani yalipoanza kubadilika rangi, nyumba hii haikuwa na raha. Ulipiga simu kwa Wendell asubuhi, mchana na kabla ya kula. Inatoka lini? Ni wiski ya bourbon au ya rye mwaka huu? Ya miaka mingapi? Na kwa kuwa kiwanda kilimwuzia kila mtu chupa moja tu, ulitukokota sote foleni tulipofikia umri. Tressa alisimama pale akiwa na mimba ya miezi saba, Royce na mguu wenye plasta. Mama alisimama na nguo zake za misa, amekumbatia mkoba, akila mikate yenye nyama ya nguruwe ya kukausha uliyomfungia ili asinung'unike. Alinung'unika nayo mdomoni.

Tungeelewa kama ungezinywa. Ulizipanga juu ya kabati la jikoni, zimesimama kama askari, ukazifuta vumbi kila Jumapili. Ukitaka kuonja ulikwenda kuonja kwa wenzako. Mlipeana vijichupa vya dawa ya kikohozi vilivyooshwa, kila mmoja ameandika kwa kalamu kilichomo, mkakaa kibarazani kwa Wendell mkinusa midomo wazi kama samaki waliotolewa majini. Mama alikufuata siku moja akusikie.

"Hapa nasikia cheri," ulisema. "Na tumbaku. Na kwa mbali, ngozi ya tandiko la farasi."

"Nipe na mimi," Mama akasema. Akanywa. "Nasikia wiski."

"Ya kwanza haihesabiwi, Geneva. Ya kwanza inaamsha ulimi."

"Basi ulimi wangu umeamka na unasema ni wiski. Twende nyumbani, kuna mtu hajapiga pasi shati lake."

Wendell hadi leo huisimulia.

Lakini kulikuwa na chupa moja ambayo Mama hakuifanyia mzaha. Ile rye ya miaka kumi na miwili. Mapipa yake uliyasukuma mwenyewe juu ghorofa ya tano, majira yale Mama alipokuwa hospitali na madaktari hawasemi neno la maana. Ulimwambia baadaye kwamba kila pipa uliloliweka mahali pake uliliambia, "Wewe utamkuta." Akapona. Miaka kumi na miwili ikapita, kiwanda kikazitoa chupa, ukakaa foleni ukapata yako. Ukaja nayo jikoni, ukaiweka mbele yake juu ya kitambaa cha maua.

"Hii si ya wageni," ulisema. "Hii ni yetu sisi wawili. Tutaifungua siku inayostahili."

Tulikuwepo. Mama aliifuta kwa aproni ingawa haikuwa na vumbi.

Siku inayostahili, Baba. Ilikuwa iwe harusi ya Tressa, ukasema watu ni wengi mno, wataimaliza wasiojua. Ikawa iwe miaka thelathini ya ndoa yenu. Mama alitengeneza nywele, akatoa bilauri mbili za mama yake, akaketi. Ukasema, "Tungoje kidogo, mke wangu, mwezi ujao inatoka rye mpya, tuzilinganishe." Bilauri akazirudisha. Ikawa iwe siku atakapostaafu jiko la shule, na siku hiyo ulikuwa foleni. Miaka tisa chupa ile ilikaa juu ya kabati, na Mama akiipita kila akienda kuchota unga.

Ukafa ikiwa na nta yake shingoni.

Sasa sikiliza yaliyofuata, kwa sababu Wendell anasema wewe ndiye utakayeumia zaidi.

Siku ya pili baada ya wewe kwenda, Mama mkubwa Orpha alipiga simu kwamba anashuka kutoka milimani kuja kumzika shemeji yake, na atakaa. Unamjua Mama mkubwa. Kanisa lao hata divai ya ushirika ni maji ya zabibu. Mama akatazama juu ya kabati, chupa kumi na nne, na huzuni yote ile kichwani. Akalifungua sanduku la mwerezi la chumbani, akazilaza zote kumi na nne katikati ya mashuka, kama watoto, akazifunika. Mama mkubwa alikaa wiki tatu na hakunusa kitu. Alipoondoka, Mama hakulifungua sanduku. Mashuka yaliyomo ni yale ya harusi yenu, yenye pindo la buluu, na alisema hana haraka nayo.

Wiki mbili zilizopita alilifungua, akitafuta kitambaa cha meza kwa ajili ya kumbukumbu yako. Harufu ilitoka kabla ya kifuniko kufika juu. Tulidhani umerudi kutoka kazini.

Tukamwita Wendell. Alipiga magoti mbele ya sanduku, akavua kofia. Hakuivua hivyo hata kaburini kwako.

"Geneva," alisema, "nani amezilaza?"

"Mimi. Kwani vipi? Divai si inalazwa?"

"Divai. Divai ni mtoto, hulala. Wiski husimama. Ukiilaza inakula kizibo. Mwaka mzima, Geneva?"

"Sasa mimi ningejua wapi?"

"Verlin alikuwa akisema kila Krismasi."

"Verlin alikuwa akisema mengi kila Krismasi," Mama akajibu. "Niliacha kumsikiliza mwaka wa tisini na nne."

Vizibo vya chupa tisa vilikuwa vimelainika kama mkate uliolowa. Tano zilikuwa zimeanza kuvuja. Na ya tano, Baba, ilikuwa ile rye. Nta imepasuka, na nusu nzima ilikuwa imekwenda kwenye mashuka.

Mama aliinyanyua akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Hakulia. Aliisema chupa kana kwamba ni wewe.

"Mwaka wa kumi huu," alisema. "Miaka tisa unaniambia ngoja. Nimekungoja nimekuzika, na sasa unanivujia."

"Geneva," Wendell akasema polepole, "haiwezi kurudishwa kabatini. Ikikaa itakufa. Ni kuinywa au kuimwaga."

"Leo ni siku gani?"

"Jumapili."

"Ya sherehe gani?"

"Hakuna sherehe. Jumapili tu."

"Vizuri," Mama akasema. "Basi inastahili."

Kizibo kilivunjika vipande viwili na nusu yake ikazama. Tressa akachuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, Wendell akigeuza uso ukutani kwa uchungu. Mama akatoa zile bilauri mbili za bibi. Moja akaitilia kimo cha vidole viwili, akaiweka mahali pako mezani. Ya pili yake. Sisi wengine tulipewa vikombe vya chai vyenye tone chini.

"Sasa uinuse kwanza," Wendell akaanza, "mdomo uwe wazi kidogo, halafu ile ya kwanza..."

"Ya kwanza haihesabiwi. Wendell, nilikaa na mtu huyo miaka thelathini na sita. Usinifundishe."

Akanusa mdomo wazi. Akanywa. Akaitafuna kama ulivyokuwa ukifanya, jambo ambalo alikukataza mbele ya wageni. Akanywa tena.

"Enhe?" Wendell akashindwa kuvumilia. "Unasikia nini?"

"Wiski," Mama akasema.

Akaiweka bilauri chini. Kisha, bila kumtazama mtu: "Na ngozi ya tandiko. Mungu amsamehe, ipo kabisa."

Ni nzuri, Baba. Tulitamani iwe mbovu ili tukucheke, lakini ni nzuri. Inaanza kali kama pilipili manga, halafu inashuka kifuani na kukaa kama mkono wa mtu. Ulikuwa sahihi kuhusu wiski na ulikosea kuhusu siku, na hilo Mama amesema liandikwe.

Ile bilauri yako ilibaki mezani mpaka jioni. Halafu Mama akainywa na hiyo, akasema umechelewa.

Tressa alikuwa ameshaweka mashuka kwenye beseni. Mama akamfuata, akalitoa lile lenye pindo la buluu lililolowa zaidi, ambalo sabuni ilikuwa haijaligusa, akalianika peke yake kibarazani. Usiku huo alilitandika upande wako wa kitanda. Analilalia mpaka leo. Royce alimwambia harufu ile itamfikia Mama mkubwa Orpha, ambaye anakuja tena Ijumaa na chumba chake kiko ukuta kwa ukuta.

"Mwache asikie," Mama alimjibu. "Mume wangu amerudi kutoka kazini."

Misa ya kukuombea ni Jumamosi saa nne asubuhi. Baada ya misa, chupa zote zilizobaki zitafunguliwa nyumbani, zenye kizibo kizima na zenye kizibo kibovu, hata ile aliyoinunua Royce na suti ya msiba. Hakuna itakayorudi juu ya kabati. Aliyemjua Verlin aje na kikombe chake. Tumeambiwa toleo la vuli la mwaka huu linatoka asubuhi hiyohiyo, na Wendell na wenzake wanaapa kwamba watakuchagua wewe. Tutaona. Viti vyao tumevihesabu jana mlangoni pa kiwanda, vilikuwa vinne.

Cha kwako pia kipo, cha tano. Mama ndiye aliyekipeleka. Anasema amekuwekea nafasi tu, na Jumamosi atatuma mtu akikunje.

Unakumbukwa na mkeo Geneva, ambaye hasira zake hazijaisha na hataki ziishe. Wanao Tressa, Royce na Corrie. Mkwe wako Dale. Mjukuu wako Emmett, uliyemtunzia chupa ya mwaka aliozaliwa, ambayo sasa imesimamishwa. Shemeji yako Orpha. Wendell Ballard na wote wa foleni. Na mjane Mattingly, ambaye paa lake bado halivuji.

Pumzika, Baba. Hatutakusahau kamwe, hata tukijaribu, na Mama amejaribu.