Nyumba Yetu ya Milango Miwili

Kijijini, karibu na Misigiri,
Singida

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Je, mvua za huko Tukuyu zinakuruhusu kufika shambani? Mimi ni mzima, nimenenepa kwa uwele na asali ya huku, na leo nina furaha ambayo lazima nikusimulie.

Unakumbuka nilikuambia nimepewa kazi ya kuanzisha makumbusho ya kijiji. Watu waliohamia hapa kutoka mbugani na mlimani walileta vitu vya wazee wao, vyungu, mikuki, mawe ya kusagia, vyote vikarundikwa chumbani kwangu mpaka nikakosa pa kulala. Bwana mmoja wa wilaya akasema nyumba ya kuvihifadhi isipokuwa tayari kabla ya mvua, vitapelekwa stoo mjini. Nilijua vikienda havitarudi.

Tukaanza kujenga tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa. Ukuta ulipofika kiunoni, ugomvi ukazuka juu ya mlango. Mzee Msengi, aliyetoka mbugani, alitaka utazame machweo ili upepo usiingize vumbi. Bibi Mwajuma wa kule mlimani akakataa kabisa.

"Kwetu mlango unatazama jua linapotoka," akasema. "Mgeni tunamwona angali mbali."

Kazi ikasimama. Hata kisimani watu wa mbugani na wa mlimani hawakusalimiana. Mawingu yakawa yanakusanyika nami nalia peke yangu, Mama, sikufichi.

Asubuhi moja nikawaita wote, nikashika jembe nikaanza kubomoa ukuta upande wa machweo na upande wa mawio. "Basi iwe na milango miwili!"

Mzee Msengi akashangaa. "Mwanangu, nyumba ya milango miwili ni ya kumkaribisha mwizi!"

"Mwizi aibe nini?" akadakia Bibi Mwajuma. "Vibuyu vyako vinavyovuja?"

Mzee mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka. Wakacheka wote pamoja, mara ya kwanza tangu wahamie. Siku ile ile wanaume walirudi kuinua ukuta, baadaye wakapanga miti ya paa, wanawake wakakandika huku wakiimba Kinyiramba, nami nikiimba vibaya katikati yao. Mvua ilinyesha tukiwa ndani. Nyumba haikuvuja hata tone.

Nilidhani kazi yangu ni kutunza vitu, Mama. Kumbe watu wanaingia, mmoja anashika jiwe la kusagia, anamtaja mama yake, mwingine anajibu kwamba na wa kwao alisaga hivyo hivyo, na jioni inawakuta bado wanaongea.

Juzi Bibi Mwajuma akazunguka nyumba nzima, kisha akaniuliza, "Na chako kiko wapi? Wewe si umehamia hapa kama sisi?" Akanionyesha mahali alipopaacha wazi ukutani.

Kwa hiyo nakuomba, ukimpata mtu anayekuja huku, mpe kile chombo cha mwanzi alichokamulia bibi yangu maziwa. Usikisugue, tafadhali. Kije na harufu ya moshi wake.

Nisalimie baba mdogo, shangazi wa kule mtoni, na dada pamoja na mtoto wake mchanga ambaye bado sijambeba.

Ni mimi binti yako anayekukumbuka,
Tumaini