Kava Niliyoimwaga Mkekani

Mshauri wangu mpendwa Bi Khairun, nisaidie, maana Ijumaa inakuja na mimi ndiye mwadhini wa msikiti wetu mdogo hapa Seaqaqa, Fiji, na kila nikifungua kinywa kuadhini najiona mnafiki.

Mwaka jana nilikuwa mnywaji wa kava, kile kinywaji cha mizizi iliyotwangwa, kama wakata miwa wenzangu, jioni tunalizunguka bakuli mpaka ulimi unakufa ganzi, na Ramadhani ikanikuta hivyo hivyo, nikalala, alfajiri ikanipita bila adhana, mke wangu Shamima akaniambia, "Mwadhini gani wewe unaamshwa na jua? Hata jogoo ana aibu kukushinda," basi kwa hasira nikashika Msahafu nikaapa sitakunywa tena kava maishani mwangu.

Sasa amefariki mama yake jirani yangu Isikeli, Mfiji wa asili, Mkristo, na huyu Isikeli, baba yangu alipofariki wakati wa mafuriko, ndiye aliyeingia kaburini na wanawe kuchota maji kwa ndoo, tena bila kuitwa, kwa hiyo nikapeleka fungu la mizizi ya kava kama ilivyo desturi, nikaketi mkekani na wafiwa, bakuli likanifikia, Isikeli akasema, "Kaka, kunywa, huyu alikuwa mama yako pia." Nikaogopa kiapo, nikaogopa kumkatalia mbele za watu, nikainama, midomo ikalowa tu, kava yote nikaimwaga pembeni ya goti, kisha nikapiga makofi kama mtu aliyemaliza, na wote wakaitikia "Maca!", yaani limekwisha. Baadaye shangazi yao akaja kukunja mkeka akauliza, "Hapa pamelowa, mtoto gani kakojoa?" Isikeli akanitazama, kisha akainama kumsaidia kuukunja.

Siku hizi haniiti kaka tena, ananiita Bwana Jainul, na inaniuma sana. Kwa Mungu nimetubu. Swali langu ni hili: lile tone la midomoni limevunja kiapo? Nifunge siku tatu au nilishe maskini kumi?

Jainul, Seaqaqa

Ndugu Jainul,

Pole kwa msiba, na sasa nisikilize. Kiapo chako ni kizima. Uliapa hutakunywa, na hukunywa. Midomo kulowa si kunywa, na shehe niliyemuuliza amesema hivyo hivyo, baada ya kumaliza kumcheka yule mtoto aliyekojoa. Hata ungekunywa, njia ilikuwepo: kafara ni kulisha maskini kumi au kuwavika, na asiyeweza ndiye afunge. Kwa hiyo usikimbilie kufunga kana kwamba umefilisika, miwa yako tunaiona.

Lakini mwanamume mzima unauliza habari ya tone, huulizi habari ya makofi! Ulipiga makofi ya uongo matangani kwa watu, ukawaacha waitikie. Hicho ndicho kinachokukaba ukiadhini. Umetubu kwa Mungu, vyema, lakini haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe, na Isikeli hajui toba yako, anachojua ni mkeka uliolowa. Nawe ulidhani ukikataa atachukia? Majirani hawa wakitaka kupika mbuzi hutuita tuchinje wenyewe, ili nasi tule. Ungemwambia tu, "Kaka, nimeapa," yangeisha pale pale.

Kesho nenda soko la Labasa, nunua mizizi na mkeka mpya. Usimtume Shamima akusemee. Keti chini, mwambie, "Nilimwaga, nikawadanganya, niwie radhi." Bakuli likija, safari hii kataa kwa mdomo wako. Akifoka, mwache afoke, ana haki.

Yeye aliingia kaburi la baba yako likiwa limejaa maji. Wewe unaogopa kuingia uani kwake na neno moja. Nenda.

Bi Khairun