Farquhar Mathieson: Kiangazi cha Kwanza cha Wageni Bila Wewe

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Agosti uliposema unajilaza kidogo baada ya chai, na hukuamka tena. Hukumsumbua mtu. Hata kikombe ulikiosha kwanza.

Watu wa Portluinn wanakukumbuka kwa gari jekundu la posta. Miaka thelathini na moja ulipeleka barua hadi ng'ambo ya ghuba, na pamoja na barua ulipeleka mkate, dawa za wazee na umbea pia, usikatae. Kanisani mfuko wako ulikuwa na peremende za kutosha safu nzima, na ulijua kuzifungua karatasi zake bila mchungaji kugeuza shingo.

Lakini sisi wa nyumbani tunakukumbuka zaidi kwa nyumba ya wageni. Ulipostaafu ulilikarabati banda la bibi kule mwisho wa shamba, ukatia madirisha na jiko, na tangu hapo kila Jumamosi ya kiangazi likaja gari na watu wake. Mama alitandika vitanda na kuoka skoni, vile vimkate vya chai, kisha akajifungia jikoni. Wageni walikuwa wako wewe. Wakishashusha mizigo tu waliuliza swali lile lile, wafanye nini huku pasipo na kitu, nawe ulikaa nao juu ya ukuta wa mawe saa nzima ukiwajibu.

Uliwaambia wapi sili wanaota jua na wapi fisi maji anapita asubuhi na mapema. Uliwafundisha watoto kumwaga chumvi kwenye tundu mchangani wakati wa bamvua, bahari inapokupwa mbali kabisa, mpaka kombe mrefu kama wembe achomoze mwenyewe kwa hasira. Uliwaonyesha jinsi ya kuvua vibua gatini, na Mama akawagaragaza samaki hao katika unga wa shayiri na kuwakaanga. Ijumaa uliwapeleka ukumbini kucheza ngoma za fidla, mkazungushwa na akina mama wa kwaya hadi mkaishiwa pumzi. Wakiuliza habari ya mvua ulisema wavae makoti waende vile vile. Wakiuliza habari ya visubi, wale wadudu wadogo waumao, ulinyamaza, maana hukupenda kusema uongo.

Na Jumapili uliwaambia kazi ni moja tu, kupumzika. Unakumbuka yule bwana wa Hamburg aliyeanika taulo sita nje Jumapili, jambo ambalo kwetu ni mwiko, watu wako karibu kutoka kanisani? Ulikimbia ukazianua zote, ukazificha chini ya koti. Mama alikukuta mlangoni akakuambia umefanya kazi siku ya Bwana. Ukamjibu kwamba tendo la huruma linaruhusiwa. Akakununia hadi Jumatatu, na Jumatatu akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa tukueleze ya mwaka huu, kwa sababu tunajua ungeuliza.

Mwezi wa nne Mama alitaka kufunga. Alisema yeye ni wa vitanda na skoni, maneno yalikuwa yako, na nyumba ya wageni isiyo na maneno ni vitanda tu. Binti yako Ishbel alimbembeleza wiki mbili. Hofu yetu haikuwa nyumba, Baba. Hofu yetu ilikuwa Mama, kwamba akifunga mlango ule atakaa dirishani mchana kutwa akiitazama barabara, kama alivyofanya msimu wote wa baridi. Mwishowe akakubali, kwa sharti: pakiharibika kitu kimoja tu, anafunga, na mtu asimsemeshe tena.

Mei na Juni zilipita salama. Mama aliwaachia wageni mezani karatasi yenye maneno uliyozoea kuwaambia, akarudi jikoni kwake.

Kitu kikaharibika mwezi wa saba. Walikuja akina Pollock kutoka Paisley, mume, mke na mabinti wawili wadogo, na Jumatano wakataka kuvuka mchanga kwenda Kisiwa cha Kondoo. Mke akaja kumuuliza Mama maji yanakupwa saa ngapi. Mama akafungua kijitabu cha bandari chenye saa za kupwa na kujaa, akasoma saa saba mchana, akaongeza saa moja. Wewe unajua kwa nini. Kijitabu cha zamani hakikuwahi kusikia habari ya saa ya kiangazi, nchi nzima inaposogeza saa zake mbele kwa saa moja, na kila aliyezaliwa Portluinn huongeza saa moja bila kufikiri, kuanzia Machi hadi Oktoba. Ila hiki kilikuwa kipya, na saa ilikwisha kuongezwa huko kilikochapwa. Iliandikwa ukurasa wa nyuma, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Basi Mama akawaambia warudi kabla ya saa kumi, na mchanga ukafunikwa saa tisa.

Saa kumi kasorobo Mama aliwaona kutoka dirisha la jikoni. Wamesimama ng'ambo, mume amembeba mtoto mmoja mabegani, maji yamemfika kiunoni, anarudi nyuma. Akamwita mwanao Struan alete mashua. Na Mama, ambaye hajapanda mashua tangu Struan azaliwe, aliingia na aproni yake, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Njia nzima hakusema ila neno moja. Alisema, "Nimefunga."

Struan hakubisha.

Waliwakuta hawajambo, wamelowa tu. Mabinti wale waliangua kilio walipoiona mashua, kwa kuwa baba yao alikwisha kuwaahidi watalala kisiwani na kondoo. Mama aliwafunga mablanketi kabla hawajakaa vizuri, kisha akawakabili wazazi wao.

"Kosa ni langu," alisema. "Niliongeza saa isiyopaswa kuongezwa. Mume wangu asingekosea hivyo. Nitawarudishia fedha zenu, na kesho mkitaka kuondoka sitawalaumu."

Mke wa Pollock alikuwa akikamua soksi. Struan anasema alimtazama Mama kama mtu asiyeelewa anaambiwa nini.

"Tuondoke twende wapi, mama? Hawa hawajafurahi hivi tangu wazaliwe. Sisi tulitaka kukuuliza, kesho unatushauri tufanye nini?"

Swali lako, Baba. Hakuna aliyewahi kumuuliza Mama swali lile miaka yote hiyo. Struan akadhani atawatajia sili, au gati, au karatasi yako iliyo mezani. Akapunguza injini ili asikie.

"Nyuma ya shule ya zamani," Mama alisema, "fuateni kijito mkipanda, mpite lango la kwanza na la pili. Kuna kidimbwi kirefu chini ya mrowani, mti ule wa matunda mekundu, maji yake yanapata jua tangu asubuhi. Hapo ndipo Farquhar aliponiposa. Alikuwa amevaa sare ya posta na miguu iko majini. Aliniapisha nisimwonyeshe mgeni yeyote, alisema pale ni petu. Lakini nyinyi nendeni, wanangu. Hao watoto wataogelea vizuri. Kisha mje mniambie pakoje siku hizi."

Sisi wanao tulikuwa hatupajui. Hata siku moja hamkututajia.

Walikwenda, Baba, wakarudi jioni kumsimulia, na Mama akaketi nao juu ya ukuta hadi chai ikapoa. Jumamosi iliyofuata hakujificha. Alitoka nje kabla gari halijasimama. Amekwisha kuandika wageni wa mwakani hadi Septemba, na kidimbwi anawapa wale anaowapenda tu. Anasema utamsamehe. Sisi tunasema ulikwisha kumsamehe.

Wanaokukumbuka: mkeo Dolina, mwanao Struan, binti yako Ishbel na mumewe Torquil, mjukuu wako Una, dada yako Chrissie wa Stornoway, na wote waliowahi kukaa nawe juu ya ukuta ule.

Hutatutoka moyoni.